Kabla hujashangilia tingatinga, uliza kivuli kitahamia wapi

Ukishuka Mwingi saa nane mchana mwezi wa Februari, ukiwa umetoka Nairobi kupitia Thika na Matuu, hutafuti chakula kwanza. Unatafuta kivuli. Na miguu yako, bila kuulizwa, inakupeleka chini ya veranda ya yale maduka ya zamani ya mawe, yaliyoshikana bega kwa bega, yenye mabati yaliyoota kutu na milango ya mbao iliyopakwa rangi ya kampuni ya simu au ya soda. Utasimama hapo, ufute jasho, upige simu uulize "mko wapi?" Hujanunua chochote na hakuna anayekufukuza.

Sasa fikiria umeshuka siku moja na veranda haipo. Mahali pake pana ukuta wa vioo unaokurudishia jua usoni, na bawabu anakuuliza, "Unaenda wapi, boss?"

Hilo ndilo ninalotaka tuongee leo, wewe kijana unayesoma hii ukiwa kwenye matatu au ndani ya keja yako. Kila tingatinga linapofika kubomoa safu moja ya zamani, tunatoa simu, tunarekodi, tunaandika "Mwingi inakua!" Hata mimi nimewahi kuandika hivyo. Kisha safu iliyobomolewa ikawa ile niliyokuwa nikifanyia kazi.

Wacha nikuambie kwa ufupi. Nilipomaliza shule sikuwa na mtaji wa kukodi hata kibanda. Nilikuwa na bisibisi, kikaratasi kilichoandikwa TUNATENGENEZA SIMU, na meza niliyoazima. Mwenye duka moja la mawe aliniruhusu nikae verandani kwake. Kodi yangu ilikuwa kufagia asubuhi na kumwekea chaji simu yake. Upande wangu wa kushoto kulikuwa na mzee wa cherehani, kulia mama wa mitumba ya watoto, na mbele yetu vijana wa boda waliosogea kivulini kila jua lilipokaza. Ploti ilipouzwa na jumba jipya kusimama, tuliambiwa tunakaribishwa kukodi vibanda vya ndani. Tukauliza bei. Kabla ya kodi ya mwezi kulikuwa na pesa ya gudwili ambayo hatungeipata hata tukichanga sote watatu. Mzee wa cherehani alirudi kijijini. Mama wa mitumba yuko kando ya barabara na mwavuli. Mimi nilipata veranda nyingine, na bado niko hapo mpaka itakapouzwa nayo.

Kwa hivyo ninapotetea safu za mawe, usidhani nimeanza kupenda vitu vya kale kama mtalii. Ninatetea ofisi yangu.

Lakini kuna jambo nililojifunza kwa kukaa pale miaka yote hiyo, nalo si la biashara pekee. Ni kwamba yale majengo yana akili. Tumezoea kuyaona kama umaskini uliosahaulika kubomolewa, ilhali kila sehemu yake inajibu swali fulani la nchi hii yetu kavu.

Anza na ukuta. Nimeupima kwa mkono wangu mlangoni: shubiri mbili na zaidi. Mawe yake si yale ya Ndarugu yanayoletwa na malori yakiwa yamekatwa na mashine, yote sawa kama mkate. Haya ni ya hapa hapa, magumu, yenye mistari na vimetameta, kutoka kwenye ile miamba ya kale iliyo chini ya sehemu kubwa ya Ukambani. Hayalingani, kwa hivyo fundi alilazimika kuchagua jiwe moja moja likae na mwenzake. Ukuta mnene namna hiyo hupokea joto polepole. Jua hulipiga jiwe asubuhi yote, lakini kufikia mchana joto bado halijamaliza safari yake kwenda ndani. Linapofika, jua limeshatua, na usiku wa Mwingi una upepo wa kutosha kulipokonya jiwe joto lake. Kesho yake ukuta unaanza upya.

Tazama sasa jinsi maduka yalivyoshikana. Duka la katikati halina ukuta wa pembeni unaopigwa na jua, kwa sababu majirani zake wamelikinga pande zote mbili. Mwingi iko karibu digrii moja tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo adhuhuri jua liko karibu juu ya utosi, na asubuhi na jioni linakuja likiwa limelala, likipenya kila dirisha linalotazama mashariki au magharibi. Paa liliinuliwa juu ili joto la mabati lisikae kichwani mwa mtu. Juu ya milango waliacha matundu, hewa moto itoke yenyewe bila feni. Na veranda, yenye upana wa hatua mbili tatu, inahakikisha kwamba kwa saa nyingi za siku jua haligusi ukuta wa mbele kabisa.

Sakafu nayo imeinuliwa ngazi mbili au tatu kutoka barabarani. Umewahi kujiuliza kwa nini? Subiri mvua ya Novemba. Mvua ya kwetu haidondoki kwa adabu. Inakuja yote kwa saa moja, barabara inageuka mto, na maduka mapya yaliyojengwa sambamba na lami yanatoa maji kwa ndoo. Safu ya zamani inatazama tu. Kisha maji ya paa lote refu yanaingia kwenye mfereji mmoja wa bati hadi kwenye tangi lililo uani. Mji ambao watu hupanga mitungi kila maji ya Kiambere yanapokatika ungepaswa kuuheshimu mfereji huo kuliko sanamu yoyote.

Linganisha na keja zetu. Nimeishi bedsita ya ghorofa ya juu kabisa, chini ya zege tupu. Saa nne usiku bado ukuta ulikuwa moto kama umetoka kupikwa, dirisha moja, hakuna mahali hewa ingepita kutoka upande huu hadi ule. Nilikuwa ninanunua tokeni za stima ili feni inipulizie joto lile lile. Ukiwa Pipeline au Mwingi, unaijua hiyo hali. Tumejenga nyumba zinazohitaji stima ili ziweze kukaliwa, katika nchi ambayo stima hupotea bila kuaga.

Najua unachotaka kusema. "Hayo majengo si yetu. Yalijengwa na Wahindi na wakoloni, yaende." Hilo ni swali la haki na sitalikwepa.

Ni kweli biashara ya maduka ilipenya bara pamoja na reli na utawala wa Waingereza. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, karibu 2,500 kati yao wakafia kazini, na takriban 6,700 wakabaki huku baada ya kazi kwisha. Wafanyabiashara kama Allidina Visram, aliyefariki 1916, walifungua maduka kufuata njia ya reli, na wengine wengi wadogo wakasogea hadi kwenye vituo vya ndani. Muundo waliokuja nao ni huo tunaouona: duka mbele, familia nyuma, ua, na veranda inayounganisha wote.

Ni kweli pia kwamba chini ya ukoloni miji ilipangwa kwa rangi ya ngozi. Veranda ilikuwa mpaka. Mwafrika alikaa nje na cherehani, mwenye duka alikaa ndani na daftari la madeni. Babu zetu hawakukaa pale kwa sababu ya upepo mzuri. Walikaa pale kwa sababu ndani hapakuwa pao.

Lakini historia haikuishia hapo. Uhuru ulikuja, na mwaka 1967 Sheria ya Leseni za Biashara ikawawekea mipaka wasio raia katika biashara za miji midogo na mashambani. Maduka mengi nchini yakabadilisha mikono. Waliokaa verandani wakaingia ndani. Na jambo zuri ni kwamba walipoingia ndani hawakuifunga veranda. Waliiacha wazi kwa anayefuata. Huyo anayefuata ni mimi. Ni yule dada wa M-Pesa. Ni wewe, ukirudi nyumbani na diploma isiyo na kazi.

Tena, hao unaowaita wageni walileta mchoro na pesa. Nani alivunja lile jiwe? Nani alilibeba kutoka mlimani, akachanganya chokaa, akapima kwa uzi na timazi? Waliofanya kazi hiyo ya mikono hawakuandikwa jina popote. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kubomoa kazi yao kwa kisingizio cha kumchukia aliyewalipa vibaya ni kuwadhulumu mara ya pili.

Kama unadhani majengo ya namna hii hayawezi kuwa na maisha mapya, chukua safari. Siku hizi kuna lami kutoka Mwingi hadi Kitui mjini, kisha Mutomo, hadi Kibwezi kwenye barabara kuu ya Mombasa. Ukifika Kibwezi umeingia Makueni, na hapo safu za mawe si za maduka tu. Ni za reli. Kando ya vituo vya zamani, wafanyakazi walijengewa vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, vinavyoitwa landhi, neno lililokuja na Wahindi wale wale wa reli na ambalo Nairobi imelibakiza katika barabara ya Landhies. Chumba kimoja kwa familia, mfereji wa pamoja, choo cha pamoja. Sitakudanganya kwamba landhi ilikuwa raha. Ilijengwa ili mfanyakazi awe karibu na kazi na asichukue nafasi kubwa.

Mwaka 2017 treni ya zamani ya abiria iliacha kwenda Mombasa, na reli mpya ya SGR ikaanza. SGR inasimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali, kwenye stesheni mpya. Makindu na Sultan Hamud, miji iliyozaliwa na reli ya kwanza, ikapitwa. Nyumba ya mawe iliyokosa kazi haingoji tingatinga. Huanza na bati moja kung'oka, kisha mlango, kisha mti wa mwarubaini unachipua sebuleni.

Lakini pale pale Makindu kuna funzo la upande wa pili. Hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli liko hai hadi leo. Madereva na wasafiri wa barabara ya Mombasa wanalijua kwa jambo moja hasa: unaingia, unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chakula bila kulipa na bila kuulizwa dini yako. Limedumu karibu miaka mia moja si kwa sababu kuna kibao kilichoandikwa "usiguse". Limedumu kwa sababu kila siku kuna mtu anayelihitaji, na kwa hivyo kila mwaka kuna mtu anayelikarabati.

Hata sifa za dunia hazitoshi kama matengenezo hayapo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Bado, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa enzi za Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Kama jumba la sultani linaweza kuanguka likiwa na cheti cha dunia nzima, duka la mawe la Mwingi lisilo na mtetezi litasimama kwa miujiza gani?

Kuna wanaosema mwenye ploti ana haki ya kupata faida, na duka la chini pekee katikati ya mji ni hasara. Nakubaliana nao zaidi ya unavyodhani. Sitaki mtu afilisike ili mimi nipate kivuli. Lakini safu hizi zina ua mkubwa nyuma. Jenga ghorofa huko nyuma, ubakize mbele ukuta wa mawe na veranda, upate kodi mpya na mji ubaki na uso wake. Na ukarabati si lazima uwe wa gharama kubwa, ila uwe wa akili. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa ukiupiga plasta nzito ya saruji, unaufungia unyevu ndani, na baada ya muda plasta inabanduka na mawe. Mafundi wa Lamu na Zanzibar wanajua hilo tangu zamani. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi wangeweza kulijua pia, na hiyo ingekuwa kazi yenye mshahara.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu hapa ndipo tunapochezewa. Watu wengi hudhani urithi ni kazi ya Nairobi, ya Makavazi ya Kitaifa. Soma Jedwali la Nne la Katiba. Serikali ya kitaifa imepewa majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti zimepewa makavazi yake, shughuli za kitamaduni, pamoja na mipango na maendeleo ya kaunti. Hakuna waziri atakayeamka asubuhi kuja kuokoa duka la mzee wa cherehani wa Mwingi. Lakini Kaunti ya Kitui inaweza. Na chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, anayetaka kujenga lazima apate kibali cha kaunti kwanza. Kibali kinaweza kuwekewa masharti. Sharti moja tu lingenitosha: jengo lolote jipya kwenye barabara kuu ya mji liwe na veranda ya wazi, ya kuungana na ya jirani, mtu atembee kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kupigwa na jua wala mvua.

Ninakuomba mambo matatu, hakuna linalohitaji pesa.

La kwanza, toa simu yako kabla tingatinga halijafika, si baada. Piga picha milango, matundu ya hewa, ngazi, jinsi mbao za paa zilivyounganishwa. Nenda na utepe wa fundi upime. Keti na yule mzee ambaye amefungua duka hilo hilo tangu ukiwa hujazaliwa umuulize lilikuwa la nani, na kabla yake la nani. Hiyo ni kumbukumbu ambayo haipo popote ila kichwani mwake.

La pili, kaunti ikitangaza kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu mpango wa mji, nenda. Najua vikao hivyo: soda, hotuba, na orodha ya kutia saini. Lakini vijana tusipokuwepo, maoni ya umma yatakuwa ya watu watano wenye ploti. Simama useme neno moja, veranda. Mwambie MCA wako aliandike.

La tatu ni kwa mlio kwenye mjengo: mafundi, wachoraji, wanafunzi wa usanifu mnaosoma Nairobi na Thika. Mkipewa kazi nyumbani, msiletee Mwingi jengo mlilolipenda kwenye picha ya mji wenye baridi. Nendeni mkakae saa nzima ndani ya duka la mawe, saa nane mchana, mlango ukiwa wazi. Sikilizeni mwili wenu. Kisha rudini mkachore.

Safu yetu bado ipo, leo. Mwenye ploti wetu ameshaleta watu wawili wenye utepe na daftari, na hawakunisalimu, kwa hivyo nina wasiwasi. Ukipita Mwingi na kioo cha simu yako kimepasuka, nitafute chini ya veranda. Njoo na simu, na uje na utepe wa kupimia. Ukuta wa nyuma sijaumaliza.